Dishi la mzee bado liko juu ya bati

Najua nimepotea, na kuna wawili watatu wameshaanza kuniuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Ni testi mfululizo, halafu ripoti ya TP ambayo mwalimu ameirudisha mara mbili kwa wino mwekundu. Leo nimepata upenyo kidogo, nikaona nije niwape kisa ambacho kimenikaa tangu likizo.

Kilichonikumbusha ni mvua ya jana usiku hapa Mlimani. Tulikuwa chumba cha TV cha hosteli, watu wamejaa mpaka dirishani, mpira uko dakika ya sabini na kitu. Mara picha ikaanza kukatika vipande vipande kama vigae, sauti ikawa inakwaruza, kisha kioo kikawa cheusi na maandishi ya kwamba hakuna mawimbi. Duh! Vijana walipiga kelele utafikiri mvua ina masikio. Jamaa mmoja wa uhandisi akasimama kutuhubiria kuhusu setilaiti. Mimi mtu wa hisabati na jiografia nikamwacha amalize, maana alikuwa anasema kweli. Setilaiti yenyewe iko juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka hapa tulipo, na mawimbi yanasafiri njia yote hiyo bila shida, yanakuja kukwama kwenye kilomita chache za mwisho tu, kwenye wingu la mvua. Yale mawimbi ni mafupi, sentimita mbili na nusu hivi, kwa hiyo matone makubwa ya mvua yanayameza na kuyatawanya. Basi.

Nikajikuta nimeropoka: "Kwetu siku hizi mvua ikinyesha TV haikatiki, tuna waya." Wakacheka. "Mwanza mna kebo?" Nikawaambia tunayo, tena ya elfu 12 kwa mwezi. Wakashangaa, mmoja akasema baba yangu mjanja. Nikanyamaza. Sasa nyie wadau wangu ngoja niwaambie yale ambayo wao sikuwaambia.

Kwetu ni Mabatini, kule juu kwenye mawe. Aliyefika Mwanza anajua, nyumba zimepandana mlimani, mwenzako anaanika nguo usawa wa bati lako. Pazuri kwa macho, ziwa unaliona lote, lakini kwa TV ni balaa. Jiwe likikaa kati yako na mnara umeumia. Zamani enzi za analojia tulikuwa na antena kwenye mlingoti wa mti, na kazi yangu mimi ilikuwa kuzungusha huku mzee anapiga kelele kutoka ndani: "Hapo! Hapo! Aaah, umepitiliza!" Mwaka 2013 analojia ilipozimwa kwetu (Dar ilizimwa mwisho wa Desemba 2012), majirani wengi walinunua ving'amuzi vya antena, vikawagomea kwa sababu ya yaleyale mawe. Mzee wangu akasema mimi siongei na mawe, mimi naongea na mbingu. Akanunua dishi. Nilikuwa na miaka kumi, nakumbuka fundi alivyolilaza mpaka likawa linaangalia juu kama beseni. Baadaye nilipofika chuo ndio nikaelewa, sisi tuko karibu sana na ikweta, setilaiti nyingine ziko karibu na utosi. Wakati ule nilifikiri fundi amekosea.

Mzee alikuwa anafanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki, sangara wa kwenda Ulaya. Alianza ujanani na alipitia mengi humo. Mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria, kina mzee walikaa nyumbani bila mshahara. Mimi sikuwa nimezaliwa, ila hadithi naijua kwa moyo kwa sababu mama huisimulia kila akikasirika: mzee aliuza redio kaseti yake ili wale. Ile redio ndiyo ilikuwa ya mtaa, jioni wanaume walikuwa wanakaa barazani kwetu kusikiliza mpira. Ilipoondoka na wao wakaondoka, wakahamia kwa mwingine. Mama anasema mzee alikaa barazani peke yake wiki nzima akapata akili kwamba watu hawakuwa wanakuja kwake, walikuwa wanakuja kwa redio. Sijui kama ni kweli alisema hivyo au mama ameongezea chumvi. Ila dishi lilipokuja, watu walirudi.

Na walirudi kweli. Sebule yetu ni ndogo, makochi mawili na viti vya plastiki, lakini Jumamosi utakuta watu kumi na tano. Fundi saa anakaa kochi la dirishani. Mwalimu mkuu mstaafu anakaa karibu na meza kwa sababu ya miwani. Mwenye duka la pembeni anakuja na sukari yake kwenye karatasi, kijana wa bodaboda anakaa mlangoni ili asikie wateja. Mzee anakaa kwenye kiti chake cha mbao chenye mto, rimoti mkononi, na hiyo rimoti haishiki mtu mwingine. Wakamwita Mwenyekiti. Kwanza ilikuwa utani, baadaye mtaa mzima, mpaka watoto wadogo wanaotumwa duka: "Shikamoo Mwenyekiti." Mama akipika kahawa analalamika vikombe havitoshi, lakini siku wakiwa wachache anachungulia nje.

Mwaka 2018 chaneli za bure za nyumbani zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi kwa suala la leseni. Mzee akashika kichwa, atakosaje taarifa ya habari? Akanunua king'amuzi cha pili, na antena yake akaifunga kwa jirani wa juu ambako mawe hayazibi, waya ukawa unashuka mpaka kwetu. Kwa hiyo tukawa na ving'amuzi viwili, rimoti tatu na TV moja. Jinsi ya kuhama kutoka kimoja kwenda kingine aliyejua ni mdogo wangu tu, na akienda shule taarifa ya habari hatuoni. Kwikwikwi.

Sasa tufike kwenye hesabu. Mzee alistaafu 2022. Pensheni yake kwa mwezi ni shilingi 210,000. Mama anauza dagaa, mwezi mzuri anaweka 80,000, mwezi mbaya anaweka madeni. Mimi niko huku na bumu langu la 10,000 kwa siku, ambalo mwenye kulijua analijua, wiki ya mwisho kabla halijaingia tunakula mihogo. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, ada hakuna ila michango, daftari, viatu, nauli vipo palepale.

Mwaka 2025 kuanzia kama mwezi wa tatu hivi, mzee akawa ananipigia. Mzee wangu hapigi simu kuomba, kwa hiyo nikajua mambo yamekaza. "Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Chuo kinaendaje? ... Sasa, hapo hukosi elfu ishirini?" Namtumia. Mwezi wa tano tena. Mwezi wa sita tena. Nilijua ni dawa, maana ana presha, na bima iliisha alipoacha kazi. Hata nilijisikia vizuri, nasema kabisa, nilikuwa natembea hapa Mlimani najiona mtoto wa kwanza aliyekamilika, namnunulia baba yangu dawa.

Nikaenda nyumbani likizo ndefu. Siku ya tatu natafuta kiberiti kwenye droo ya kabati, nikakuta pakiti ya dawa zake. Tarehe ya duka la dawa ilikuwa ya mwezi mmoja na nusu nyuma, dawa ni za siku thelathini, na ndani zilikuwa zimebaki kumi na moja. Nikarudia kuhesabu. Mwanafunzi wa hisabati, hesabu ya kutoa tu, nikarudia mara tatu.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua uso. "Anameza siku moja anaruka siku moja," akasema. "Anasema zinamtosha." Nikamuuliza na zile elfu ishirini ishirini? Mama akachambua dagaa watatu wanne ndio akajibu. "Mwisho wa mwezi dishi hukatwa, mwanangu. Wewe hukujua?"

Wadau, nilikaa kwenye kigoda sikujua niseme nini. Sikukasirika hasa. Niliona aibu, ila sikujua ni aibu yangu au ya nani.

Usiku ule nikachukua daftari la TP, ukurasa wa nyuma, nikaandika. Kifurushi cha dishi chenye mpira: 64,000. King'amuzi cha pili: 8,000. Jumla 72,000. Ukigawa kwa 210,000 ni theluthi moja na ushee kidogo. Dawa za presha za mwezi mzima: 18,000. Yaani kifurushi cha dishi peke yake ni dawa za miezi mitatu na nusu. LUKU, maji, gesi, vyote nikapanga. Niliona kama nimegundua dawa ya malaria. Nikasema kesho naongea na mzee.

Mama akaniomba kitu kimoja: "Subiri Stars wamalize." Maana ilikuwa Agosti, mashindano ya CHAN yanachezwa hapa nchini na kwa majirani zetu Kenya na Uganda, na sebule ilikuwa inafurika kuliko nilivyowahi kuona. Nikasubiri. Tarehe 22 Agosti, robo fainali na Morocco kwa Mkapa, nilihesabu watu ishirini na wawili ndani na wengine wako dirishani. Tulipofungwa lile bao moja kukawa kimya, unasikia kahawa inavyochemka. Mzee akazima sauti akasema, "Tumefika robo fainali. Tangu lini?" Watu wakaanza kumpigia makofi yeye, utafikiri yeye ndiye kocha. Nilikuwa nimesimama mlango wa chumbani na daftari langu kichwani, nikaona ile hesabu yangu imepungukiwa na kitu. Lakini zile dawa kumi na moja nilikuwa nimeziona. Zilikuwa zimeshakuwa sita.

Kesho yake baada ya chai nikapiga magoti, nikasema, "Baba, naomba tuongee." Nikamwekea daftari mbele. Alivaa miwani akasoma mstari kwa mstari kama anavyosoma risiti. Alipofika kwenye dawa akanyamaza muda mrefu. Kisha: "Kwa hiyo serikali imekukopesha ukasome ualimu ili uje unifungie TV."

"Hapana baba. Nataka umeze dawa."

"Dawa nameza."

"Baba, nimehesabu."

Akavua miwani. Mama alikuwa anafagia mahali ambapo ameshafagia. Nikamweleza kwamba sisemi akae bila TV, nasema kuna waya. Jamaa wa kebo wameshafika mtaa wa chini, kuunganisha 25,000, kila mwezi 12,000, chaneli za nyumbani zote zimo, king'amuzi cha pili hakina kazi tena. Akauliza kwa nini asishuke kifurushi cha chini cha dishi. Nilikuwa nimeshaliwaza hilo, kile cha chini hakina mpira anaoutaka, ni katuni na tamthilia. "Basi heri hakuna," akasema mwenyewe. Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja: "Huko kwenye waya mpira upo?" Nikasema kweli tupu, kwamba sijui, tumuulize fundi.

Fundi alikuja Jumatatu, kijana mdogo, kapesi wake ana ngazi ya mianzi. Mzee akamuuliza. Yule kijana akaangalia huku na huku, akatabasamu: "Mpira upo mzee, usijali." Mimi hilo tabasamu sikulipenda, lakini nikalimeza. Hapo kosa ni langu na ninalikubali.

Niwaeleze kidogo kebo ilivyo kwa wasiojua, maana jana hata wahandisi walikuwa wanabahatisha. Mwenye kampuni anaweka madishi makubwa sehemu moja, ananasa chaneli zote pale, anazikusanya na kuzisukuma kwenye waya mmoja mnene mweusi wenye shaba katikati. Huo waya unapita kwenye nguzo mtaa hadi mtaa, na kila nyumba inachota kwake. Mvua ya kwenu haikuhusu, dishi haliko kwako. Ila waya unachosha mawimbi, kila mita mia kadhaa wanafunga amplifaya ya kuyapa nguvu, na hiyo amplifaya inakula umeme wa mahali ilipo. Kwa hiyo kwetu sasa kuna kioja kipya: umeme upo, taa zinawaka, friji ya jirani inanguruma, lakini TV chenga tupu, kumbe mtaa wa bondeni umeme umekatika na amplifaya yetu iko huko. Mzee mara ya kwanza alipanda mpaka juu ya bati kuangalia dishi kwa mazoea. Dishi lenyewe limeshachomolewa.

Kuhusu pesa sina la kulalamika. 72,000 imekuwa 12,000, tunaokoa 60,000 kila mwezi. Zile 25,000 za kuunganisha zilirudi ndani ya mwezi wa kwanza. Dawa zikanunuliwa pakiti nzima na mama akashika ufunguo wa droo. Kabla, mzee alipimwa presha akakutwa 168 kwa 102. Wiki tano baadaye, 142 kwa 88. Niliandika namba zote mbili kwenye ukurasa uleule wa daftari, na nilikuwa najisikia mshindi.

Tena wiki mbili za mwanzo mpira ulikuwepo! Chaneli zilezile, na picha safi. Watu wakaja, Mwenyekiti kitini, rimoti moja tu badala ya tatu. Nikamuuliza yule kijana wa kebo siku amekuja kuchukua hela, hizi chaneli mnazilipia huko zinakotoka? Akanijibu, "Dada, wewe mwalimu, kapige kipindi." Nikajua.

Jumamosi moja ya Septemba, mechi kubwa ya Uingereza, sebule imejaa. Mama amekoroga kahawa ya sufuria kubwa. Mzee ameoga, amevaa shati la kola. Saa ikafika, akabonyeza namba, kioo cha bluu. Akabonyeza tena. Bluu. Mdogo wangu akaja akatafuta chaneli upya, zikapita zote moja moja, za dini, za muziki, za tamthilia, taarifa ya habari. Ya mpira hakuna. Mzee akapiga simu kwa jamaa wa waya, haikupokelewa. Akapiga tena. Watu wanaangalia simu zao. Wenye dishi la kweli walikuwa wameshituka, nadhani, au jamaa waliogopa, sijui na sikutaka kujua, wizi ni wizi.

Fundi saa ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi. "Mwenyekiti, hata redio inatosha." Wakacheka kidogo, mwalimu mkuu akatoa simu yake ikawa inatafutwa stesheni. Wakasikiliza dakika kumi hivi. Kisha kijana wa bodaboda akaitwa na mteja. Sikusikia simu ikiita, lakini aliondoka. Mwenye duka akakumbuka ameacha mtoto peke yake dukani. Kipindi cha pili kilipoanza walibaki fundi saa na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa amesinzia. Pale chini karibu na kituo cha daladala kuna kibanda umiza, kiingilio 500, na kwetu juu kelele za goli zilikuwa zinafika sekunde chache kabla ya redio. Kila goli mzee alilisikia mara mbili.

Mama alimimina kahawa iliyobaki nje kwenye mgomba. Hakusema kitu. Usiku wakati tunapanga vikombe akaniambia, "Umefanya vizuri, mwanangu. Ungechelewa ningekuwa mjane." Halafu akaongeza, kama anaongea na vikombe, "Ila hukuandika kahawa kwenye ile hesabu yako." Nikataka kumjibu kwamba kahawa ni matumizi mengine tena, ukiondoa na hiyo tunaokoa zaidi. Nashukuru Mungu nilifunga mdomo.

Siku za mwisho za likizo nyumbani palikuwa kimya. Mzee anaangalia taarifa ya habari, anaangalia kipindi cha kilimo, saa tatu amelala. Nilimwambia twende Kirumba tukaione Pamba kwa macho, timu yake tangu utoto, iliyokaa zaidi ya miaka 20 nje ya Ligi Kuu ndipo ikapanda 2024. Akasema magoti hayatamani zile ngazi. Nikamwambia basi aende kibandani na kina fundi saa. Aliniangalia mpaka nikatazama chini. "Mimi nikakae benchi moja na watoto, nalipa mia tano?"

Mama alitaka lile dishi lishushwe aanikie dagaa, linafaa kweli, limepinda vizuri na lina matundu ya maji kutokea. Mzee amekataa. Liko palepale juu ya bati linaangalia utosini.

Tuliporudi chuo Novemba nikamuuliza mdogo wangu kwa simu, mzee anaonaje mpira siku hizi? Dogo akasita. Akaniambia nisimwambie mtu. Anaenda kibandani. Anaingia mechi ikishaanza, wakati kumeshakuwa giza ndani, anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na anatoka kabla ya filimbi ya mwisho. Dogo alimwona kwa sababu na yeye alikuwa amekwenda bila ruhusa, kwa hiyo wote wawili wamekubaliana kimyakimya hawajaonana. Wenye kibanda wanamjua, wanamsalimia kwa sauti ya chini, "Shikamoo Mwenyekiti," na mia tano yake wanaipokea.

Bumu limeingia juzi. Na juzi hiyohiyo, utafikiri wanaona mfuko wangu, kampuni ya dishi wamenitumia meseji (zamani niliwahi kumlipia mzee kwa simu yangu), kwamba tumekukumbuka, rudi uone burudani. Sijaifuta. Nimekaa nayo siku mbili. 64,000 kwangu ni chakula cha karibu wiki moja, na sikukuu inakuja, mpira wa Krismasi na mwaka mpya ni mwingi. Mwezi mmoja tu. Halafu Januari je? Ikikatwa tena mbele ya watu?

Nikampigia mama. Akasema, "Dawa za mwezi huu zipo, nimenunua mwenyewe. Hilo lingine usiniulize mimi. Muulize mwenye kiti chake."

Sijampigia. Nimeandika meseji mara tatu nimefuta, kwa sababu nikimuuliza atasema hataki, na nisipomuuliza ataniuliza hesabu yangu imekwenda wapi. Nyie wadau mnaonaje? Haya, kafteria inafunga saa mbili na nusu na foleni naiona hapa dirishani imeshafika mlangoni, ngoja niwahi.